Dakika Tatu na Sekunde Arobaini

Klabuni walikuwa wakisema kwamba Nasike ukimwambia akimbie hadi ukutani, atakuuliza tu ni ukuta upi. Walisema kwa kumsifu, naye akayapokea maneno hayo kama sifa. Mama yake, muumini wa Kanisa la Marafiki huko Bungoma, alimfundisha tangu utotoni kwamba mkubwa akisema, wewe tenda kwanza, maswali baadaye. Mtoto wa malezi hayo haoni kasoro katika utiifu. Nasike alikuja kuiona akiwa na miaka ishirini na tisa, na kufikia hapo kasoro hiyo ilikuwa imemnyang'anya safari.

Safari yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja tu. Wakala wa Kiitaliano aliyesimamia wakimbiaji huko Ulaya alikuwa amemwandikia Kimotho, kocha wao, kwamba klabu ichague mwanamke mmoja: miezi sita kambini, chakula, daktari, viatu, na mashindano kila mwezi. Nasike alikuwa na mtoto wa miaka mitano, mume fundi wa mbao, chumba kimoja cha mabati Kambi Muru huko Kibera, na miguu ambayo hakuna mwanamke mwingine klabuni aliyeweza kuifuata. Nusu marathoni alikuwa ameikimbia kwa saa moja na dakika kumi na mbili. Mtu yeyote mwenye macho aliona nafasi ni yake. Kimotho mwenyewe aliwakusanya akawaambia atachagua baada ya marathoni kamili ya mwezi wa kumi, kusudi watu wasije wakasemana.

Klabu ilikaa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite, katika chumba cha nyuma cha ploti ya Mzee Kabiru. Kila alfajiri Nasike alitoka Kambi Muru, akavuka Ngong Road, akafika huko mwili umeshapata moto kabla wenzake hawajafunga viatu. Mzee Kabiru hakudai kodi. Alikuwa na ploti nne za kupangisha, kiti cha mbele kanisani, na binti aliyeitwa Wangeci, wa miaka ishirini na mitatu, ambaye naye alikuwa mkimbiaji. Wangeci hakuwa mbaya. Alikuwa mwepesi wa kutosha kupigwa picha, mzito wa kutosha kutosumbua mtu, na nusu marathoni yake bora ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nne.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa palikuwa na nusu marathoni ya mjini. Kimotho alimwita Nasike kando.

"Hii si race," alimwambia. "Hii ni kazi ya mwili tu, ya kukuandaa kwa ile kubwa. Tatu arobaini kila kilomita. Si tatu thelathini, si tatu hamsini. Ukijisikia unataka kufukuza mtu, jizuie."

"Hiyo itaniweka saa moja na dakika kumi na saba na kitu."

"Umenielewa kabisa."

Kisha, siku mbili kabla ya mbio, Kimotho akajipiga kofi la paji la uso. Alikuwa ametuma majina ya klabu kwa waandalizi, akaliruka la Nasike, na usajili ulikuwa umefungwa. Aliomba radhi mara tatu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Bahati nzuri, akasema, goti la Wangeci linauma na hatakimbia, kwa hiyo namba yake ipo bure.

"Si uvae yake? Ni training tu. Time haina maana."

Msomaji wa mbali atashangaa kwamba Nasike hakushtuka. Lakini Kambi Muru kuazimana si neno. Jiko linaazimwa, sare ya kwaya inaazimwa, viatu vya kwendea mahojiano ya kazi vinazunguka ploti nzima mpaka soli inaisha. Mwaka uliotangulia Nasike alitibiwa malaria kwa kadi ya jirani yake Sella, na nesi akaita "Sella" mara tatu kabla yeye hajakumbuka kuitika. Jina lilikuwa kama sufuria: unalitumia, unaliosha, unalirudisha. Alipoipokea ile namba yenye kifaa cha kupima muda kilichobandikwa nyuma, alichofikiria ni kwamba Wangeci ni mtoto wa watu mwenye roho nzuri.

"Neno moja," Kimotho akaongeza. "Usiingie kumi bora. Wale kumi wa kwanza wanaitwa mezani na vitambulisho. Wakipata namba si yako, wewe unakula ban ya miaka miwili, hukimbii popote. Ukiona uko ndani ya kumi, punguza mpaka utoke."

Nasike aliitikia kwa kichwa. Kimotho akavua saa yake mwenyewe ya mkononi akamvisha.

Asubuhi ya Jumapili ile barabara ilikuwa imefungwa na hewa ilikuwa baridi. Baruti ilipolia watu walitoka mbio kama waliofunguliwa zizi, na Nasike akajizuia. Anayedhani kukimbia kwa kujizuia ni rahisi hajawahi kujaribu. Kukimbia kwa nguvu zako zote ni kazi ya mwili, na mwili hauna maswali mengi. Kukimbia kwa robo tatu ya nguvu zako, huku watu usiowaheshimu wakikupita wakihema kama mivukuto ya mhunzi, hiyo ni kazi ya roho. Katika kilomita tano za kwanza walimpita wanawake kumi na wanne aliowajua kwa majina na kwa udhaifu wao. Akawaacha waende.

Alikuwa na kipimo chake cha zamani, cha kabla hajawahi kugusa saa ya maana: wimbo mmoja wa kanisani wa beti nne. Mwendo ukiwa sawa, aliuimba moyoni mstari kwa mstari na pumzi ikafika mwisho wa mstari bila kukatika. Akizidisha, pumzi ilimwishia katikati ya neno. Aliimba beti zote nne, akarudia, akarudia tena. Kilomita ya kumi ilimkuta kwenye dakika thelathini na sita na sekunde arobaini, ya kumi na tano kwenye dakika hamsini na tano kamili. Alifurahi, tena alifurahi sana. Hakuna mtu aliyekuwa akimtazama, na alikuwa akifanya jambo gumu kwa usahihi ambao fundi wa cherehani angeuonea wivu.

Wale wanawake kumi na wanne, bila shaka, walianza kurudi. Mmoja alikuwa akitembea ameshika kiuno. Wengine aliwapita wawili wawili bila kuongeza hata nusu hatua, na kwenye kilomita ya kumi na nane kijana wa kusimamia barabara akampigia kelele kwamba yeye ni wa tisa.

Moyo ulimwambia aende. Miguu ilikuwa mipya, wa nane alikuwa mbele yake mita hamsini na mabega yameshamlegea, na Nasike alijua bila shaka yoyote kwamba angeweza kumaliza wa tano. Badala yake alikata hatua. Alishusha mikono, akaanza kukimbia kama mtu anayewahi duka lisifungwe, akasubiri kupitwa. Magdaline, wa klabu moja ya Ngong, ambaye hajawahi kumshinda tangu wajuane, alipita akageuza shingo.

"Pole, Nasike," alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ikauma.

Alikuwa wa kumi. Akaendelea na mwendo wake hadi kilomita ya mwisho, akapunguza tena, na mwanamke mwingine akampita mdomo wazi. Sasa alikuwa wa kumi na moja, kama alivyoagizwa. Zikiwa zimebaki mita mia mbili alimwona Kimotho kwenye kamba, na Kimotho alikuwa akimpungia mikono yote miwili aje, aje upesi. Nasike alishangaa. Mtu aliyemwambia apunguze sasa alikuwa akitokwa jasho kuliko yeye. Aliongeza hatua chache kwa heshima, akamaliza kwa saa moja, dakika kumi na saba na sekunde hamsini na mbili. Kimotho aliitazama saa ya barabarani, akafumba macho, akacheka peke yake.

"Safi kabisa," alisema. "Wewe ni wa kutegemewa."

Nyumbani kwao Bungoma mtu akikusaidia huendi kumshukuru mikono mitupu. Jumatano mama mmoja wa kwao alishuka na basi akamletea jogoo mwekundu aliyetumwa na mama yake, jogoo ambaye Filister, mtoto wa Nasike, alikuwa ameahidiwa kwa wiki nzima. Nasike alimtia kwenye kikapu, akampeleka Kawangware kwa Wangeci.

Mama yake Wangeci, Wakarima, alimpokea kwa furaha kubwa, akampapasa jogoo kifua kuona unene. "Watu wa Western mna heshima," alisema. "Hawa wetu siku hizi hata asante hawajui." Wangeci aliitwa atoke chumbani. Alitoka akitembea vizuri kabisa, goti likiwa zima, akashukuru huku akimwangalia jogoo na si aliyemleta. Nasike aliona ni haya ya mtoto aliyelelewa vizuri. Aliwaachia na kikapu, akaenda zake akiwa mwepesi moyoni, kama mtu aliyelipa fadhila.

Siku tano baadaye simu yake ililia mfululizo. Ilikuwa ni kundi la klabu. Kimotho alikuwa ameweka picha ya karatasi ya matokeo rasmi, jina la Wangeci likiwa limezungushiwa wino mwekundu, na chini yake ujumbe: wakala alitaka mwanamke mwenye nusu marathoni ya chini ya saa moja na dakika kumi na nane, jina lifike kabla ya mwezi wa tisa kwisha; Wangeci ametimiza; Mungu apewe sifa; Jumapili kuna maombi ya shukrani kwa Mzee Kabiru, watu wote mnakaribishwa kwa chakula.

Nasike aliusoma mara mbili akiwa amesimama kwenye foleni ya maji. Ilimchukua muda, kwa sababu akili yake haikuwa imezoea njia za namna ile. Kisha yote yakaja kwa pamoja: jina lililorukwa, goti, tatu na arobaini, ile mikono miwili ikimpungia aje. Hakuwa amepewa mazoezi. Alikuwa amepewa muda wa mtu mwingine aukimbie, umepimwa kama unga, usizidi wala usipungue, wa haraka wa kutosha kumvusha Wangeci na wa polepole wa kutosha asiitwe mezani. Aliacha mitungi yake pale pale akaenda Kawangware kwa miguu.

Kimotho alikuwa chumbani mwa klabu akikunja fulana. Hakujifanya hajui.

"Ulituambia mwezi wa kumi," Nasike alisema.

"Mwitaliano alitaka mwezi wa tisa. Hiyo nilijua tangu mwezi wa saba."

"Na jina langu hukulisahau."

"Kaa chini."

"Sikai."

Kimotho aliweka fulana mezani. "Nasike, hiki chumba tunalipa rent? Maji mnaoga hapo nje ni ya nani? Mzee aliniita kwake, akanipa chai, akaniambia msichana asipoenda, sisi tutoke. Watu ishirini na wawili. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Wangeci hawezi tatu arobaini hata akishuka mlima."

"Akifika huko watamfundisha."

"Nitasema."

"Sema," Kimotho alijibu taratibu, bila hasira yoyote. "Lakini uende ukijua mimi sikuvaa namba ya mtu. Wewe ndio ulivaa. Watampiga ban Wangeci, na wewe pia. Yeye ana ploti nne nyuma yake. Wewe una nini nyuma yako?"

Nasike alimchukia, na alitaka amchukie zaidi, lakini chuki haikutosha kwa sababu nyingine aliihitaji kwa ajili yake mwenyewe. Kilichomchoma njia nzima ya kurudi si karatasi ya matokeo. Ni yule jogoo. Ameibiwa mchana kweupe, kisha yeye mwenyewe akampelekea mwizi kitoweo hadi mlangoni.

Ambrose, mume wake, alisikiliza yote akiwa ameketi kwenye kigoda, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema mwishowe, akimkusudia Wangeci. "Mama Filister, enda kwa hao waandalizi uwaambie. Muanguke wote. Angalau uanguke ukiwa umesema."

Alisema kweli, naye Nasike alikubali kwamba amesema kweli. Mara mbili wiki ile alipiga namba ya simu iliyokuwa chini ya karatasi ya matokeo, na mara mbili akakata kabla haijapokewa. Miaka miwili. Angerudi barabarani akiwa na thelathini na moja, bila klabu, bila kocha, na jina lake mbele ya kila msimamizi wa mbio likiwa jina la mdanganyifu. Marathoni ya mwezi wa kumi bado ilikuwepo na bado angeweza kuikimbia kwa jina lake, na pengine mtu mwingine angemwona. Pengine. Kufikia Jumamosi alijua hatapiga tena. Jambo lililomtia uchungu kuliko yote ni kwamba Kimotho alilijua hilo kabla yake, alilijua hata kabla ya kumvisha saa.

Jumapili ya maombi hakwenda. Jumanne alasiri Wangeci mwenyewe alitokea Kambi Muru, akiuliza njia kutoka mlango hadi mlango, na kile kikapu mkononi. Hakukirudisha kitupu: ndani mlikuwa na sukari kilo mbili na pakiti mbili za unga. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na Nasike alikuwa amekikalia.

"Sasa, Nasike."

"Poa."

"Ile siku ya kuku nilitaka kukuambia. Nikashindwa."

"Ulishindwa na nini? Mdomo si wako?"

Wangeci alitazama sakafu. "Daddy alikuwa amesema hakuna kuongea." Akatoa daftari kwenye mkoba, na karatasi iliyochapwa. "Alhamisi Mwitaliano ananipigia kwa video. Kocha anasema ataniuliza vile nilikimbia, kilomita kwa kilomita. Kama sijui atashuku. Na akishuku, atauliza waandalizi, na wao wana picha za watu wote wakimaliza."

Hakumalizia, na hapakuwa na haja. Kamba iliyomfunga Wangeci shingoni ilikuwa imemfunga na Nasike. Angeweza kumfukuza msichana yule na kikapu chake, na moyo ungetulia hadi Alhamisi. Nasike alimtazama kwa muda mrefu, akaona mtoto anayeogopa, akasikitika kwamba hata kumchukia vizuri kumemshinda.

"Andika," alisema.

Akamweleza. Alimweleza baridi ya asubuhi, na namna ya kuwaacha watu wakupite katika kilomita tano za kwanza bila kuuma meno. Alimweleza jinsi barabara inavyodanganya baada ya mahali pa kugeuza kurudi, inaonekana tambarare kumbe inapanda, na kwamba hapo unafupisha hatua, huongezi nguvu. Alimweleza pumzi, na beti nne, na jinsi pumzi inavyofika mwisho wa mstari. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za mbio ile, hata Ambrose, na alipokuwa akizungumza alijisikia akijivuna. Wangeci aliandika haraka, kila sentensi ikianza na mimi: nilijizuia, nilifupisha hatua, niliimba.

Kisha akaichukua ile karatasi iliyochapwa akaweka kidole.

"Hapa kuna shida. Zote ni tatu arobaini, tatu arobaini, mpaka kumi na nane. Halafu hii ya kumi na tisa ni tatu hamsini na nane. Na ya mwisho pia nilienda chini. Hiyo lazima ataniuliza. Kwa nini nilipunguza?"

"Uliambiwa upunguze," Nasike alisema, "na ulimwamini aliyekuambia."

Wangeci alishikilia kalamu hewani. "Hiyo siwezi kumwambia."

"Najua."

Msichana alifikiri, akainama, akaandika neno moja, akalisoma kwa sauti ili apate idhini. "Nilichoka."

"Hukuchoka." Sauti ya Nasike ilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na mtoto aliyekuwa akicheza nje akachungulia mlangoni. "Ulikuwa na nguvu mpaka mwisho. Ungemaliza wa tano. Hukuchoka hata kidogo."

"Lakini lazima niseme kitu," Wangeci alisema, karibu kulia.

Nje mtu alikuwa akimwaga maji mtaroni. Nasike alisubiri mpaka alipomaliza.

"Basi sema ulichoka."

Wangeci alilipigia neno lile mstari chini, akafungua ukurasa mpya, akauliza kama kuna kitu kingine.